Wawili na Mwenzao

Wewe ukiulizwa una watoto wangapi, huwa unajibu vipi? Unataja idadi hivi hivi, mpaka wa mwisho, kama mtu anayehesabu vitunguu sokoni? Basi ujue kuna nyumba ambazo jibu kama hilo likitoka, watu hunyamaza na kutazamana.

Nyumba ya Boru, kule Bulapesa mjini Isiolo, ilikuwa moja ya hizo. Boru alikuwa Mborana wa upande wa Garbatulla, na alipokuwa na ng'ombe hakuwahi kuwahesabu. Jioni alisimama mlangoni pa zizi akawatazama wakiingia, huyu mwekundu, yule mwenye pembe iliyopinda, yule mwenye doa la maziwa shingoni, na kama mmoja hakurudi, macho yake yenyewe yalimwambia. Mkewe Kuno naye alifanya hivyo kwa watoto. Alikuwa akisema kwamba kitu chenye pumzi hakihesabiwi mpaka mwisho, kwa sababu ukimaliza hesabu umefunga mlango, na kilichobaki nje kitalala nje.

Kila asubuhi alipita pale Fahmo, mama wa Kisomali mwenye kuuza maziwa ya ngamia, na mtungi wake wa plastiki wa manjano uliofukizwa moshi wa kuni mpaka maziwa yenyewe yananukia moshi. Fahmo aliijua nyumba ile kama kiganja chake, lakini alikuwa mtu wa utani, kwa hiyo kila asubuhi aliuliza.

"Kuno, leo nipime ya watoto wangapi?"

"Wawili na mwenzao."

"Si useme tu!"

"Nimeshasema. Pima."

Fahmo alicheka, akapima vikombe vitatu, akamwaga na kidogo cha baraka juu.

Watoto wenyewe ndio hawa. Mkubwa ni Habibo, aliyekuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa pale mjini. Wa katikati ni Mamo, ambaye viatu vyake vilikuwa vinaisha upande mmoja tu, ule wa kupigia mpira. Wa mwisho ni Sadiya, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na akawa anapenda kupitisha ulimi pale penye pengo.

Ukame uliwamaliza ng'ombe kwanza. Boru akahamia mjini, akawa dalali wa mifugo. Halafu, mvua zilipoanza kurudi, Kuno akashikwa na kifua, na hakukaa. Alizikwa siku ile ile aliyokata roho, kabla ya alasiri. Wanawake walikuja na sukari na majani ya chai, wakaketi mkekani, na kila aliyeondoka alimshika Habibo bega akamwambia maneno yale yale: "Jikaze, mwanangu. Wewe ndiye mama sasa."

Habibo akajikaza. Umeona kamba ya kufungia ndama ikifungwa fundo ikiwa imelowa, halafu jua likaikausha? Hata meno hayaifungui. Ndivyo alivyojikaza. Aliamka, akaosha sufuria kwa majivu, akamsuka Sadiya, akafua, akaenda shule, akarudi. Hakulia. Chakula hakikuwa na ladha lakini alikila. Ukimwuliza jambo lolote, jibu lilikuwa, "Sawa tu." Watu wakamsifu, wakasema huyu msichana ana subira.

Sasa, pale shuleni, mwalimu wao wa Kiswahili aliitwa Kinya, Mmeru wa upande wa Maua, mama mnene mwenye kuvaa sweta hata jua likiwa utosini. Mwalimu Kinya alipenda ushairi kuliko vitu vyote, na mwaka huo wa mtihani aliwafundisha ushairi kama mtu anayewafundisha kuogelea mto ukiwa umeshafurika.

"Shairi si jiwe," aliwaambia. "Shairi lina mwili, lina pumzi. Kila silabi ni mizani moja, na mizani ndiyo mapigo ya moyo wake. Ukihesabu mizani, umelishika shairi mkono ukapima kama li hai."

Habibo aliandika hayo yote, hata lile la mkono. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyejua.

Mwalimu aliandika ubaoni, kwa chaki, shairi alilolitunga mwenyewe ili wasilikute limeshachambuliwa mahali. Lilikuwa na beti tano. Ubeti wa kwanza ulikwenda hivi:

Jirani nakusalimu, umzima hapo ndani?
Sikuletei hukumu, wala neno la utani,
Jua limekuwa gumu, na kiu iko kooni,
Nirudishie kibuyu, nakingoja mlangoni.

"Haya," akasema. "Bahari gani, na kwa nini. Mishororo mingapi katika ubeti. Mizani mingapi katika mshororo. Vina. Kibwagizo. Na mwisho: nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, anataka nini? Thibitisha."

Habibo alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliandika kwamba ni tarbia, kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne... hapana, hakuandika hivyo. Aliandika, "Ni tarbia, kwa kuwa kila ubeti una mishororo mitatu na mwenzake." Kisha akagawanya kila mshororo mahali penye mkato, upande huu ukwapi, upande ule utao, akahesabu kwa kupitisha kidole gumba juu ya pingili za vidole vingine, na akaandika, "Kila kipande kina mizani saba na mwenzake." Vina alivitaja bila kosa: katikati ni mu, mu, mu, kisha yu, mwishoni ni 'ni' tupu. Kibwagizo ni ule mshororo wa kibuyu, kwa kuwa unarudi kila ubeti. Hesabu za darasa la hisabati hazikuwahi kumsumbua hivyo. Nambari za hisabati hazipumui.

Mwalimu Kinya aliposahihisha palepale, dawati kwa dawati, aliinamia daftari lile akalisoma mara mbili.

"Habibo. Saba na mwenzake ndiyo nini?"

Habibo alitazama alichokiandika kama anayetazama mwandiko wa mtu mwingine. "Sijui, mwalimu."

Hashi, kijana wa dawati la nyuma asiyeweza kukaa na mzaha tumboni, akadakia. "Mwalimu, hiyo mizani ingine imeenda kuchunga! Itarudi jioni!"

Darasa likaangua kicheko. Kotile, Mborana mwenzake aliyeketi naye dawati moja, ndiye aliyesema ukweli. "Mwalimu, ni wewe ulisema shairi linapumua. Kwetu kitu inapumua haihesabiwi ikaisha."

Kicheko kikaongezeka, ila wale wa nyumba za ng'ombe walicheka kidogo kuliko wenzao. Mwalimu Kinya naye alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Kumbe ni mimi nimeharibu! Lakini sikiliza, msichana wangu. Yule atakayesahihisha mtihani hajawahi kusimama mlangoni pa zizi. Ataona saba, na atakukata alama. Umesikia?"

"Sawa tu, mwalimu."

Kilichomkalisha Mwalimu Kinya si ile saba. Ni swali la mwisho. Habibo alikuwa ameacha nafasi nyeupe, mistari mitupu mpaka chini ya ukurasa. Baada ya kengele, wenzake wakitoka, mwalimu akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Hapa mbona umeacha?"

"Sijui anataka nini."

"Si amesema mwenyewe? Kibuyu."

Habibo akalitazama shairi ubaoni. "Kama ni kibuyu, mwalimu, angesema mara moja akachukua akaenda. Mbona anazunguka? Beti tano, mtu amesimama mlangoni kwenye jua."

Mwalimu Kinya akainama mbele. "Endelea."

"Hakuna ingine. Sijui."

"Umekaribia kuliko hao wote walioandika 'kibuyu' wakafunga daftari." Mwalimu akainuka, akaenda ubaoni, akapigia mstari vile vibwagizo kimoja kimoja. "Mtu anaogopa kusema anachotaka, kwa maana ukishasema unaweza kunyimwa. Basi anazunguka. Anasalimia, anataja jua, anataja kiu, anamsifu jirani na watoto wa jirani. Wewe usifuate maneno mengi. Tafuta neno linalorudi. Linalorudi ndilo linalouma. Halafu ujiulize, kwa nini linauma?"

Habibo akaandika, "Linalorudi ndilo linalouma." Akaweka nukta. Moyoni hakusikia kitu.

Siku hiyo alipofika nyumbani alikuta pikapu imeegeshwa nje, na magunia ya vitunguu nyuma, na ndani mama yake mdogo, Zeinab, ameketi mkekani na Sadiya mapajani. Zeinab alikuwa mdogo wake Kuno, toka nitoke: paji lile lile, na kile kikohozi kidogo kabla ya kusema neno zito. Yeye na mumewe Dabaso walikuwa wakulima kule Rapsu, kwenye mashamba ya maji ya mfereji. Mungu aliwapa nyanya na vitunguu. Mtoto hakuwa amewapa.

"Asalaam aleikum, mama mdogo."

"Wa aleikum salaam. Njoo nikuone. Mbona umekonda hivi? Boru, huyu anakula?"

"Anakula," akasema Boru.

Walikunywa chai. Wakazungumza bei ya vitunguu, wakazungumza mvua, wakazungumza mtu fulani wa Garbatulla aliyevunjika mguu. Habibo akiosha vikombe alisikia mazungumzo yanavyozunguka, na kidole gumba chake kikawa kinatembea juu ya pingili bila yeye kukituma. Halafu Zeinab akakohoa kile kikohozi.

Alimtaka Sadiya. Hakuficha, na wala hakuwa na ubaya. Kwao, mtoto wa dada ni mtoto, na nyumba isiyo na mtoto hupewa mtoto alelewe, akawa wao kabisa. Na sababu zilikuwa za kweli, hata ungekuwa wewe ungezikubali. Boru alikuwa akienda mnada wa Oldonyiro akalala huko. Habibo ana mtihani. Sadiya akitoka shule huketi kizingitini kwa Fahmo, na mkoba mgongoni, mpaka dada yake arudi. Rapsu kuna maji, kuna mboga, shule iko ng'ambo ya mfereji tu. Zeinab alikuwa amekuja na gauni jipya, la kijani, lenye mkanda wa nyuma.

Boru akamgeukia binti yake mkubwa. Kwa miezi mingi alikuwa amezoea kumwuliza mambo ya nyumba kama anavyouliza mtu mzima.

"Habibo. Wewe unaonaje?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kikombe. Alikigeuza, akakifunika juu ya kitambaa, akachukua kingine.

"Sawa tu, Aba."

"Alhamdulillahi," akasema Zeinab, na machozi yakamtoka. "Msichana ana akili. Kama mama yake." Wakakubaliana kwamba Dabaso auze vitunguu vyake kesho yake, na asubuhi ya pili waondoke na mtoto.

Habibo ndiye aliyefungasha. Alikunja gauni la shule, sweta yenye kiwiko kilichotiwa kiraka, soksi, kitana, na kile kishuka chekundu ambacho Sadiya alikuwa hajaweza kulala bila kukishika pembe. Sadiya aliketi juu ya kitanda akining'iniza miguu, amevaa gauni la kijani juu ya nguo zake nyingine, ulimi kwenye pengo.

"Huko kuna mfereji mkubwa?"

"Uko."

"Na wewe utakuja?"

"Inua mkono nipime hii."

"Mama mdogo amesema kuna punda anaitwa Askari. Na wewe utakuja?"

"Punda huwa wanapiga teke. Usisimame nyuma yake."

Alipomsuka, mtoto akauliza. Alipomwosha miguu jioni akauliza tena, kati ya habari za punda na habari za jino la tatu linalotikisika. Na wewe utakuja? Habibo akasikia lile swali linavyorudi, mahali pale pale, mwisho wa kila kitu, na kidole gumba kikapita juu ya pingili. Na, we, we, u, ta, ku, ja. Mizani saba. Akarudia. Saba. Kipande kizima ni nane. Hiki kilikuwa kimepungukiwa, ile aina ambayo Mwalimu Kinya aliita guni, shairi lenye kilema. Alijua sasa ni neno gani linalorudi. Alijua hata linauma wapi. Lakini umewahi kukalia mguu ukafa ganzi? Unauona, unajua ni wako, unaubonyeza, nao hausemi. Akamfuta Sadiya miguu, akamfunika.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na vumbi jembamba na jua la mapema. Dabaso alikuwa anakagua magurudumu ya pikapu kwa kuyapiga teke moja moja. Mamo alikuwa amempa Sadiya mpira wake, ule wa nailoni alioufunga mwenyewe, halafu akaenda kusimama nyuma ya choo, akijifanya anatafuta kitu. Zeinab alishamweka mtoto kwenye kiti cha mbele. Habibo alisimama katikati ya ua na mkoba mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aulete.

Fahmo akaingia na mtungi wake wa manjano. Alisalimia wote. Aliona mkoba, akamwona mtoto garini, akaelewa, na utani wote ukamtoka usoni. Lakini maziwa hayangoji.

"Boru," akasema polepole, "kuanzia kesho nipime ya watoto wangapi?"

Boru alitazama kandambili zake.

"Mmoja na mwenzake," akasema.

Habibo alilisikia. Lilikuwa kama mshororo ule ule wa siku zote, wa mama yake, umekatwa kipande na bado unataka kupita kama mzima. Kidole gumba kikatembea. Yeye. Mamo. Kikafika pingili ya tatu, na mara hii hakikurudi nyuma.

"Watatu," akasema.

Mkono wa Fahmo ukasimama na kikombe hewani. Zeinab alipiga hatua kutoka garini. "Mashallah, mashallah! Usiseme hivyo, Habibo, toa hilo neno!"

"Tuko watatu," Habibo akasema tena. Sauti yake haikupanda. "Mimi, Mamo, Sadiya. Watatu."

"Habibo," Boru akasema. "Mtoto hahesabiwi."

"Ng'ombe pia hatukuwahesabu, Aba. Na wakaisha."

Dabaso aliacha kupiga magurudumu. Boru alikuwa na haki ya kufoka, na pengine siku nyingine angefoka, lakini alimtazama binti yake kwa yale macho ya zamani ya mlangoni pa zizi, kama mtu anayeona ng'ombe mmoja hajaingia na hajui ni tangu lini. Akamkaribia, akamwondolea ule mkoba mkononi.

Tangu mazishi alikuwa amemwuliza mara nyingi anaonaje. Safari hii aliuliza jingine.

"Mama yangu," akamwambia, "unataka nini?"

Habibo akafungua mdomo. "Rapsu ni kuzuri," akasema. "Kuna maji. Mama mdogo ni mtu mwema, na gauni lenyewe limemkaa vizuri." Alijisikia anavyozunguka, amesimama mlangoni kwenye jua kama yule wa kibuyu, anasalimia, anamsifu jirani. "Na mtihani uko karibu, na wewe huwa uko Oldonyiro. Hayo yote ni kweli."

"Ni kweli," akasema Boru. Akangoja.

Sadiya alikuwa ametoa kichwa dirishani mwa gari, mpira wa Mamo kifuani, na nywele alizosukwa jana bado zinang'aa mafuta.

"Na wewe utakuja?" akauliza.

Kitu kikamchoma Habibo chini ya mbavu, kidogo tu, kama damu inavyorudi mguuni. Akaweka mkono pale.

"Nataka Sadiya abaki na mimi."